Nguvu za Kubeba Safarini

Mama aliuza asali ya msimu mzima ili ninunue kompyuta ya kuhariri video za harusi. Dukani hapa Tabora zilibaki mbili za mtumba, ya mezani na mpakato, zote zimebandikwa Intel Core i7, kizazi cha 8. Jina moja, nguvu mbili. Prosesa ya mezani, i7-8700, ina kori 6 na imepangiwa wati 65. Ya mpakato, i7-8550U, ina kori 4 na wati 15. Mpakato huanza kwa kasi, lakini joto likipanda hujipunguza mwendo, na video ndefu huchelewa. Ya mezani ina nafasi na feni kubwa, haichoki upesi.

Ila wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapa kwenda Bagamoyo walibeba kilo 30 hivi kila mmoja. Wangeweza kuinua zaidi, lakini safari ilikuwa ya miezi. Harusi zangu ziko Urambo, Sikonge na Nzega, na umeme hukatika.

Nilichukua mpakato. Video naiacha ijitengeneze usiku kucha. Asubuhi, kabla sijapanda basi, bibi harusi anajiona.