Jawabu Tulilolitoa kwa Haraka

Wasomaji wetu, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu, wiki hii hatutasimulia kosa la mtu mwingine. Tutasimulia la kwetu.

Dada yetu mkubwa anaishi Mogogosiek, kule Bomet kwenye mashamba ya chai, alikoolewa zamani na mfanyabiashara. Sasa ni mjane, na kisukari anacho kwa miaka mingi. Baridi ya huko hututetemesha sisi watu wa pwani, lakini nyayo zake zilikuwa zikimwaka usiku kucha kama aliyekanyaga makaa. Daktari alimweleza kuwa sukari imeidhuru mishipa ya fahamu, akamwandikia pregabalini, miligramu 75 asubuhi na 75 usiku. Baada ya majuma machache akaanza kupata usingizi.

Kabla ya Ramadhani alitupigia simu. "Mdogo wangu, dawa hii yanitia kizunguzungu kama mlevi. Yafaa niimeze katika mwezi mtukufu?" Nasi tulikuwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Tukamjibu palepale: kinacholevya kiache. Hatukumuuliza ni dawa ya nini. Mtu akiitwa shekhe kwa muda mrefu, ulimi wake huzoea kutangulia akili.

Aliiacha siku ile ile. Usingizi ukamruka, jasho likamtoka, kichefuchefu kikamshika, moyo ukamwenda mbio kwa hofu asiyojua chanzo chake. Mwanawe akamkimbiza hospitali. Tulipowasili kwa basi, mvua ikinyesha na wachumaji wakirudi na vikapu vyao, alitutazama kutoka kitandani akauliza, "Umeniletea fatwa nyingine?"

Daktari, binti wa umri wa mwanetu, alitufundisha kwa upole. Dawa hii hutuliza mishipa ya fahamu iliyochangamka kupita kiasi. Ndiyo maana hupewa mwenye maumivu ya mishipa hiyo, mwenye aina fulani ya kifafa, na wengine wenye wasiwasi uliozidi. Mwili ukiizoea, haikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki moja, daktari akisimamia. Mwenye kifafa akiikata ghafla, degedege laweza kumrudia.

Kizunguzungu ni jambo la kawaida, hasa mwanzoni. Hatari yake ni kuanguka, basi mzee na ainuke taratibu, na dereva asishike usukani mpaka ajue hali yake. Dawa hutoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo. Ikichanganywa na tramadoli, mofini, dawa za usingizi au pombe, pumzi yaweza kudhoofika hata kuua. Uso, midomo au ulimi ukivimba, ni hospitali mara moja. Mwenye mimba, au anayeitarajia, amweleze daktari mapema.

Hapo dada akakiri kwamba alimgawia jirani yake mchuma chai vidonge viwili kwa maumivu ya mikono. Sadaka hiyo haifai! Uingereza iliiweka dawa hii chini ya udhibiti mkali Aprili 2019, kwa sababu watu walikuwa wakiitumia vibaya.

Na fatwa yetu? Dawa iliyoandikwa na tabibu mwaminifu kwa haja ya kweli, ikaleta usingizi, si sawa na tembo linalonywewa kwa ulevi. Tulilijua hilo tangu madrasa, tukalisahau barazani. Vipimo viwili vya siku aghalabu huweza kupangwa wakati wa futari na daku, lakini mpangaji ni daktari. Na mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani ya kutofunga. Kwa kuwa ganda la kidonge aghalabu ni jelatini, mwenye shaka amuulize mfamasia asili yake angali dukani, asije akaiacha dawa nyumbani kimyakimya.

Dada alipimwa figo, akarudishiwa dawa. Siku ya kuondoka alichukua simu yetu, akaandika humo nambari ya daktari wake. "Siku nyingine nikikuuliza, mpigie huyu kwanza." Tumeihifadhi.