Safari ya Miguu Juu ya Vilima vya Karagwe

Ndugu msomaji, sisi wa Karagwe na Kyerwa tumezaliwa vilimani. Kila siku tunapanda na kushuka. Tunakwenda shambani, mnadani na kisimani. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kupanda kilima ili watazame tu?

Mwezi wa Agosti nilikwenda Bweranyange. Zamani hapo palikuwa na makao ya Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Mzee mmoja alikubali kuniongoza. Alikuja na mjukuu wake wa darasa la tano. Tulibeba ndizi zilizopikwa na kufungwa katika jani la mgomba, pamoja na kibuyu cha maji.

Njia inafuata mgongo wa kilima. Inashuka kidogo, halafu inapanda kilima kingine. Kulia na kushoto kuna mabonde. Chini tuliona migomba na mibuni imezunguka nyumba. Juu ni majani na mawe. Upepo huvuma sana. Ukivaa kofia, ishike!

Tulipopumzika, mzee alitusimulia habari za wageni. Mwezi wa Novemba mwaka 1861, Mwingereza John Speke alifika kwa Rumanyika. Alikuwa pamoja na mwenzake, James Grant. Walitoka pwani mwaka 1860, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima. Mmoja wa wakuu wa msafara wao alikuwa Mwafrika, Sidi Mubarak Bombay. Rumanyika aliwapokea vizuri. Kutoka vilima hivi Speke aliona milima mirefu iliyochongoka, mbali sana upande wa magharibi. Hiyo ni milima ya Virunga. Mrefu kuliko yote ni Karisimbi, wenye mita 4,507.

"Mimi pia niliiona nilipokuwa mtoto," alisema mzee. "Leo nataka mjukuu wangu aione."

Tulifika kileleni saa sita. Mtoto alitazama magharibi. Aliona bonde la mto Kagera. Ng'ambo ya mto ni Rwanda. Lakini milima hakuiona. Moshi ulikuwa umetanda kila mahali. Kilima cha pili kilikuwa cheusi. Mtu fulani alikuwa amechoma majani.

"Babu, milima iko wapi?" aliuliza mtoto.

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Iko palepale, mjukuu wangu. Sisi ndio tumeifunika."

Tuliposhuka, tulipita kwenye kisima chini ya kile kilima cheusi. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo zao. Maji yalitoka polepole, kama uzi. Mzee alisema kwamba zamani ndoo ilijaa upesi.

Je, moto wa juu unahusu nini na kisima cha chini? Majani hupunguza nguvu ya mvua. Maji huingia ardhini taratibu, kisha hutokea chini kama chemchemi. Majani yakiungua, ardhi hubaki wazi. Mvua ikinyesha, maji hukimbia na kuchukua udongo mpaka bondeni. Tena majani hayo ndiyo tunayokata kwa kutandaza katika migomba na mibuni. Anayechoma kilima anachoma pia matandazo ya jirani yake.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika kisiwa cha Madeira, nchi ya Ureno, kuna njia maarufu ya miguu. Inaunganisha vilele viwili, Pico do Arieiro na Pico Ruivo. Watu hupanda ndege kutoka nchi za mbali ili watembee humo. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 moto mkubwa uliunguza milima hiyo. Njia ikafungwa kwa muda mrefu. Wageni walikosa pa kutembea.

Nasi tuna hazina yetu. Mwaka 2019 Serikali ilifanya mapori ya Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa kuwa Hifadhi za Taifa. Lakini vilima vya vijijini havina mlinzi ila sisi wenyewe.

Mwezi wa Novemba, baada ya mvua za kwanza, nilirudi Bweranyange. Tulipanda tena sisi watatu, mapema asubuhi. Hewa ilikuwa safi. Mtoto ndiye aliyeona kwanza. Mbali kabisa, nyuma ya vilima vya Rwanda, palikuwa na ncha ndogo za rangi ya buluu.

"Babu! Ile pale!"

Mzee alivua kofia yake. Alikaa juu ya jiwe, akatazama muda mrefu bila kusema neno.

Ndugu wananchi, kabla ya kuwasha kiberiti kilimani, tukumbuke kisima. Tuwakumbuke na wajukuu wetu. Nao wana haki ya kuona mbali.