Masomo ya Uhandisi wa Kemia Ni ya Kazi Gani?



Tangu nilipoingia Chuo Kikuu kule Lubumbashi kusoma uhandisi wa kemia, kila nirudipo nyumbani Bukavu naulizwa swali lile lile: «Kijana, masomo hayo ni ya kazi gani?» Wengine wanadhani nitakuwa mganga, wengine wanasema nitauza dawa. Mama mmoja wa parokia yetu aliniuliza kama nitatengeneza baruti. Swali ni la haki, maana wazazi wangu waliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili nisome. Mtu aliyetoa mali yake anapaswa kujua imekwenda wapi. Basi, leo nataka kujibu.

Mkemia hupata kijiko kimoja cha dawa katika chupa yake. Mhandisi wa kemia hutafuta namna ya kupata dawa ile ile kwa tani, kila siku, bila hatari na bila hasara. Mwingereza George Davis alifundisha elimu hiyo mjini Manchester mwaka 1887. Alionyesha kwamba viwanda, hata vikiwa vya namna nyingi, kazi zao ni zile zile: kuponda, kuloweka, kuchemsha, kuchuja, kukausha. Mama zetu wanazijua kazi hizo. Anayeloweka muhogo, akauanika na kuutwanga apate unga wa bugali, amekwisha fanya tatu.

Kwa nini basi miaka mingi ya hesabu? Sababu ni ukubwa. Chukua chungu, kisha finyanga kingine kilichozidi mara mbili kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Kitachukua chakula mara nane, lakini ukuta wake umeongezeka mara nne tu. Kwa hiyo joto la ndani limepungukiwa njia ya kutokea. Kikiwa chungu cha maharagwe, si neno. Lakini kikiwa pipa la chuma lenye vitu vinavyojitia joto vyenyewe, laweza kupasuka na kuua watu. Hapo hesabu si majivuno ya wasomi. Ni ulinzi wa wafanyakazi.

Tuje sasa kwetu Kivu. Miti ya kwinini ililimwa hapa tangu siku za Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimejulikana kwa kutengeneza dawa ya malaria kwa maganda yake. Tulivyofundishwa, ganda husagwa na kuchanganywa na chokaa, kwinini huvutwa kwa mafuta, kisha asidi ya sulfuriki huigeuza kuwa chumvi nyeupe. Kule Lubumbashi niliona asidi hiyo hiyo ikiyeyusha mawe ya shaba, na umeme ukiitoa shaba safi. Ajuaye njia moja vizuri hapotei katika nyingine.

Na ziwa letu je? Lina kina cha mita 485 hivi, na chini yake mmeyeyuka kadiri ya kilometa za ujazo 300 za hewa ya kaboni na 60 za metani, ile iwakayo moto. Linafanana na chupa ya kasiksi iliyofungwa: hewa imetulia kwa kuwa imebanwa. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos la Kameruni lilitoa hewa yake ya kaboni ghafla, wakafa watu zaidi ya 1,700. Lakini metani hiyo ni mali pia. Ng'ambo ya pili, huko Karongi katika Rwanda, mitambo iliyozinduliwa mwaka 2016 iliwekwa kutoa megawati 26 za umeme kwa metani ya ziwa hili. Kuivuta pasipo kuvuruga maji ya chini ni kazi ya elimu yangu hasa.

Limebaki swali moja, nalo ndilo zito. Baba aliniuliza: «Utarudi?» Mwezi wa Februari 2025 vita viliingia Bukavu, na wenzangu wawili wamekwisha kwenda ng'ambo. Siwahukumu, kila mtu ana mzigo wake. Mimi nimepata kazi katika kiwanda cha shaba huko kusini. Nimeikubali kwa miaka miwili, ili dada yangu mdogo alipiwe masomo bila shamba jingine kuuzwa, nami nizoee mapipa makubwa. Kisha nataka kurudi ziwani. Baba alinyamaza kidogo, akasema, «Miaka miwili nitaihesabu.»

Na aihesabu. Nanyi wazazi wenzake, msomeshapo mtoto, mwulizeni kazi ya masomo yake bila haya, hata mkiwa hamkusoma. Na wewe mwanafunzi, mjibu mzazi wako kwa maneno anayoyafahamu, kwa maana yeye ndiye aliyelipa.