Kwa mpwa wangu anayetaka kuvaa gwanda

Kisauni, Mombasa

Mpwa wangu Hamisi,

Mamako amesikia kwa watu kwamba umejaza fomu za jeshi la Waingereza, na tangu juzi chakula hakimshuki. Sikuandikii kukukataza. Umri unao, na sheria yao inawapokea watu wa Jumuiya ya Madola. Nataka tu ujue unachokiendea.

Johnson Beharry, yule uliyenitumia picha yake, alihama Grenada mwaka 1999, akaingia jeshi hilo hilo la Waingereza 2001, akawa dereva wa gari la deraya. Tarehe 1 Mei 2004, huko Al Amarah, Iraq, walishambuliwa kwa maroketi. Kamanda wake akajeruhiwa, gari likashika moto, kioo cha kuonea njia kikavunjika. Akaendesha kichwa kikiwa nje, mita 1,500 ndani ya mvua ya risasi, na moja ikakwama kwenye kofia yake ya chuma. Walipofika mbele hakujificha. Alipanda juu ya gari lile lile linalowaka, akamtoa kamanda, akarudi kuwatoa wenzake, huku wanapigwa. Tarehe 11 Juni roketi ikalipuka karibu kabisa na kichwa chake. Damu ikimfumba macho, alirudisha gari kinyumenyume mpaka likatoka mtegoni, ndipo akazimia.

Mwaka 2005 Malkia alimvika Nishani ya Victoria. Lakini mwaka 2009 alisema hadharani kwamba vita bado vinamtesa akilini, na kwamba askari wanaorudi hawatunzwi ipasavyo. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo.

Babu yako hakusema. Alikuwa keya, askari Mwafrika wa Waingereza, akapelekwa Burma mwaka 1944, akarudi viungo vyote vimetimia. Miaka yote niliyomjua alilala barazani, viatu ubavuni. Radi ikipiga anatukusanya watoto wote, anatushika mmoja mmoja, anatuhesabu. Sisi tulidhani ni mapenzi tu. Akafa hatujamuuliza.

Kwa hiyo, kama unakwenda kwa ajili ya pasipoti peke yake, rudisha fomu. Kama moyo wako uko huko kweli, nenda na dua zangu, ila usingizi ukikukimbia usinyamaze kama babu yako. Na kabla ya kutia sahihi mpigie mamako, asikie kwa kinywa chako.

Mimi nipigie hata saa nane za usiku. Simu naiweka chini ya mto.

Mjomba wako