Kwa nini nilirudi kutoka Granada

Tangu nirudi Nakivale naulizwa swali moja. Naulizwa kwenye foleni ya maji, kanisani, kwa kinyozi, hata na watoto: "Wee, ulifika Ulaya kabisa, halafu ukarudi?" Wengine wanacheka. Wengine hawacheki, wananiangalia kama mtu aliyeokota pesa njiani akazirudisha. Leo nawajibu wote kwa maandishi, mara moja. Ila jibu lenyewe lina njia ndefu kidogo, mnivumilie.

Mji niliokwenda unaitwa Granada, kusini mwa Hispania. Nilialikwa kwenye mkutano wa vijana, Januari 2025, katikati ya baridi. Kwa Kihispania jina hilo ni komamanga, na tunda lenyewe utaliona hadi kwenye vinguzo vya chuma pembeni mwa barabara. Kutoka Madrid tulikwenda kwa basi, mwendo wa saa tano hivi. Ukiingia mkoa wa Jaén ni mizeituni tu, kilima baada ya kilima, imepangwa mistari kama maharage shambani kwetu. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Niliona watu wamevaa makofia wakipiga matawi kwa fimbo ndefu, zeituni zinaangukia kwenye nyavu chini. Wengi wao walikuwa weusi kama mimi. Hilo nitalirudia.

Kitu cha kwanza kilichonishinda ni saa. Sisi tunaoongea Kiswahili tunahesabu saa kwa jua: saa kumi na mbili linatoka, saa moja watu wako shambani. Granada saa mbili asubuhi ni giza. Giza kabisa, taa za barabarani zinawaka, na watoto wanaelekea shule na mabegi mgongoni. Jua lilikuwa linatoka kama saa mbili na robo. Nikaelezwa kwamba sababu ni mbili. Moja ni majira ya baridi yenyewe, kwa sababu mji uko mbali na ikweta. Ya pili ni serikali: Hispania iko upande mmoja na Uingereza, lakini tangu 1940, enzi za Franco, inafuata saa ya Ujerumani. Kila asubuhi nilikaa dirishani nikisubiri jua kama mtu anayesubiri basi lililochelewa.

Halafu baridi. Watu wanafikiri kusini mwa Hispania ni joto mwaka mzima. Granada iko juu, karibu mita 700, na usiku wa Januari unashuka hadi karibu na sifuri. Nilipewa chumba kwa bibi mmoja mjane kwenye mtaa wa zamani uitwao Albaicín, wenye vichochoro vya mawe. Nyumba za huko zilijengwa kukimbia joto la kiangazi: kuta nene zilizopakwa chokaa, sakafu ya vigae. Kwa hiyo Januari ndani kuna baridi kuliko nje juani. Bibi ana meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachofika chini, na chini ya meza kuna hita. Unaingiza miguu, unajifunika kitambaa hadi tumboni, unakaa hapo kula, kusoma, kuongea. Akaniambia zamani hapo chini palikuwa na mkaa. Nikamwambia kwetu tunaita mbabula. Akasema enzi zake watu walikufa usingizini kwa sababu ya mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Nikamwambia hata kwetu, bibi, mpaka leo. Hapo ndo tulielewana, yeye na Kihispania chake, mimi na programu ya kutafsiri kwenye simu.

Baadaye tukagundua hatuhitaji simu kwa kila neno. Sukari kwake ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Hata sisi tunaposema "hata kesho", yeye anasema hasta. Maneno hayo ni ya Kiarabu. Waarabu walifika kwao na walifika pwani ya kwetu, wakaacha maneno kotekote.

Nyuma ya mji kuna milima, Sierra Nevada, yaani milima yenye theluji. Kilele chake kikubwa, Mulhacén, kina karibu mita 3,480. Niliandika namba hiyo kwenye daftari kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu Nyiragongo, mlima wa moto uliosimama juu ya Goma, una mita 3,470. Mimi ni wa Goma. Nililelewa chini ya mlima wa urefu uleule, ila wa kwetu usiku unang'aa mwekundu na wa kwao unang'aa mweupe.

Jumapili nilitoka kutafuta pilipili. Nisamehewe, chakula chao ni kizuri lakini hakiwashi. Kwenye duka dogo la vitu vya Afrika nikakutana na kaka mmoja kutoka Mali, tukaongea Kifaransa. Alikuwa ametoka Jaén, kwenye mizeituni. Zeituni zikiisha huenda Huelva kuchuma stroberi, na mwaka unageuka hivyo. Alifika kwa bahari. Chombo cha uokoaji kiliwatoa majini na kuwashusha Motril, bandari iliyo upande wa chini wa Granada. Akaniuliza mimi nilipitia wapi. Nikamwambia kwa ndege, nina viza, narudi Alhamisi. Alinyamaza kwanza. Akasema, "Mdogo wangu, unarudi na utaweza kutoka tena?"

Akanieleza. Wakati wake sheria ilitaka mtu asiye na karatasi akae miaka 3 ndani ya nchi kwanza, ndipo aombe kibali kiitwacho arraigo, neno lenye maana ya kuota mizizi. (Tangu Mei 2025 imekuwa miaka 2.) Miaka hiyo huwezi kutoka. Ukitoka, unaanza upya, na kuanza upya ni bahari. Mama yake alifariki mwaka wa pili wa kusubiri. Mazishi aliyaona kwenye simu, amesimama chini ya mzeituni, na msimamizi akamwita arudi kazini. Sasa karatasi anazo. Aliniambia bila kulia: "Mizizi nimeota. Lakini mizizi ndiyo inamzuia mti kutembea."

Jumatatu, tarehe 27 Januari, nilikwenda Alhambra, ngome ya wafalme Waislamu wa Granada. Sitaeleza uzuri wake, picha mnaziona. Kuna uwanja wenye chemchemi iliyobebwa na simba 12 wa mawe. Kwenye kuta, tena na tena, yameandikwa kwa Kiarabu maneno ya kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mfalme wa mwisho, Boabdil, alikabidhi mji huo kwa Isabella na Ferdinand tarehe 2 Januari 1492. Na yeye ilikuwa baridi hivihivi. Kabla ya hapo, Novemba 1491, walitia saini makubaliano: Waislamu wangebaki na dini yao, nyumba zao na mahakama zao. Machi 1492, hapohapo Granada, ikatiwa saini amri ya kuwafukuza Wayahudi wote, wakapewa miezi minne. Na Waislamu nao, haikupita miaka kumi, wakaanza kulazimishwa kubatizwa. Boabdil mwenyewe alivuka bahari akaenda kuishi Morocco.

Nilikuwa nasoma hayo simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ikatetemeka, ikatetemeka. Magrupu yote. M23 wameingia Goma.

Nikakaa kwenye benchi la mawe. Shangazi yangu anaishi Goma. Nikampigia, hakuna. Intaneti huko ilikuwa imekatika. Watalii walikuwa wanapita mbele yangu wakipiga picha, na mimi niko kwenye mji ambao watu wake nao waliamka siku moja wakaambiwa mji si wenu tena. Makubaliano yao yalitiwa saini vizuri kabisa. Sisi wa Goma tunajua habari ya saini.

Mama alinipigia usiku kutoka Nakivale. "Mtoto yangu, ubakie huko huko. Huku utarudia nini?" Rafiki zangu wote wakaandika hivyohivyo. Bibi aliposikia habari, alisukuma sahani ya supu karibu yangu, akasema naweza kukaa kadiri nitakavyo. Yaani kila mtu alikuwa amekubali isipokuwa mimi.

Sikulala. Nilitoa hati yangu ya kusafiria nikaiweka mezani. Wengi wenu hamjaiona: kitabu cha bluu chenye mistari miwili kwenye kona, kinatolewa kwa wakimbizi kwa mujibu wa Mkataba wa 1951, kifungu cha 28. Yangu inasema niende nchi zote isipokuwa Kongo. Kitabu hicho kinaweza kunifikisha Granada lakini hakiwezi kunifikisha kwa shangazi. Ila kina jambo moja ambalo sikuwahi kulipa uzito: nchi iliyokitoa inaahidi kukupokea ukirudi, muda wake ukiwa haujaisha. Kwenda na kurudi. Kaka wa Mali alipoteza mama kwa kukosa hilo neno la pili. Boabdil alivuka bahari hiyohiyo kuelekea kusini, kaka akaivuka kuelekea kaskazini, na wote wawili hawakuwa na tiketi ya kurudi. Mimi nilikuwa nayo mfukoni.

Ndiyo maana nilirudi. Si ushujaa. Baba alifariki, faili letu la familia lina majina matano, na la kwanza ni la mama, ambaye hasomi. Ningebaki, ningekuwa salama na nisingeweza kutoka, na yeye angebaki na foleni zote peke yake. Nilichagua kuwa mtu anayeweza kufika mama akiita.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuomba hifadhi ni haki, wala anayebaki si mwizi wala si msaliti. Ningekuwa sina mtu hapa, labda ningekuwa nawaandikia haya kutoka chini ya ile meza ya bibi. Kila mtu ana hesabu yake.

Kwenu mnaofanya kazi na sisi, nina neno moja. Kupata hati ile kulinichukua miezi mingi kuliko safari ilivyonichukua siku, na kwenye dirisha la viza niliulizwa nina nini kinachoonyesha kwamba nitarudi. Sina shamba. Sina nyumba. Sina akaunti yenye pesa. Nikajibu, "Nina mama." Yule afisa akaandika kitu, sijui nini. Fomu haina nafasi ya jibu hilo. Nyinyi mkituandikia barua za kututambulisha, liandikeni nyinyi. Mnatujua, mnajua nani ananingoja nyumbani.

Shangazi alipatikana baada ya siku sita. Mzima, yuko kwa jirani, mlango wa nyumba yake ameufunga na ufunguo anao. Mama pia ana ufunguo wa nyumba yetu ya Goma, tangu 2012, umefungwa kwenye kona ya kitenge. Wazee waliotoka Granada husimuliwa walifanya hivyohivyo.

Mwenzetu mmoja, dada wa kikundi chetu, amepata mwaliko wa Februari, nchi nyingine ya Ulaya. Juzi alikuja kuuliza kuhusu koti. Nimempa langu, na soksi mbili nzito, na pilipili ya unga ndani ya kopo la dawa. Hakuniuliza kama anapaswa kurudi, na mimi sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba ukiona saa mbili asubuhi na bado giza, usiogope, simu yako haijaharibika. Jua linakuja, ila linachelewa.