Kufundisha Pwani kwa Watoto Wasioijua Bahari

Mtoto wa Kihurio anaijua milima ya Upare Kusini kwa sababu aiona kila siku, na anaujua mfereji kwa sababu huenda shambani kumwagilia mpunga. Bahari wengi wameisikia tu. Kwa hiyo picha ya kwanza ya pwani wanayopewa na mwalimu huweza kukaa akilini mwao miaka mingi, ikiwa sahihi au ikiwa potofu.

Nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha huko, mimi na wanachuo tuliandaa somo la delta ya Rufiji. Zana yetu ilikuwa mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za vita, ambao humruhusu mtumiaji kuongeza ramani zake mwenyewe. Silaha tuliziondoa. Kisa tulichokichagua ni cha manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta hiyo. Mwezi Julai 1915 marubani walioruka kutoka Mafia waliielekeza mizinga ya meli Severn na Mersey, na tarehe 11 Königsberg ikaangamia.

Ramani ya mchezo haikuweza kukieleza kisa hicho. Pwani ilikuwa mstari mmoja, na kando ya maji palisimama kitu kama ukuta wa ardhi. Niliwauliza wanachuo: meli ingejificha wapi hapa? Walipochunguza waliona sababu mbili. Vipimo vya mwinuko vilichukuliwa na chombo cha angani Endeavour mwezi Februari 2000, navyo katika ramani ile vilikuwa vimeachana kiasi cha meta 90. Mkono wa mto ulio mwembamba kuliko hapo ulipotea. Tena, rada iligonga zaidi matawi ya mikoko kuliko matope yaliyo chini yake, hivyo msitu ukaonekana kilima.

Tuliirekebisha kwa hatua tatu. Kwanza, tulichora mikono ya mto kwa kufuata picha za satelaiti. Pili, tuliishusha ardhi ya mikoko karibu na usawa wa bahari, ndipo tukaipanda miti juu yake. Tatu, tulitengeneza ramani mbili, moja ya maji kupwa na nyingine ya maji kujaa, kwani wakati wa bamvua tofauti yake hufikia meta tatu.

Wanafunzi wa darasa la tano walipoiona delta, walieleza wenyewe inavyotokea: mfereji ukifika shambani, maji hupunguza mwendo, huacha matope na kugawanyika. Mmoja akauliza maji yao huishia wapi. Tulifuata Mto Mkomazi hadi Pangani, na Pangani hadi baharini.

Shule isiyo na umeme isikate tamaa. Finyanga delta kwa udongo ndani ya beseni, chomeka vijiti vyenye majani kuwa mikoko, kisha ongeza na kupunguza maji polepole. Watoto wataona njia zikifunguka na kuzibwa.

Zana yoyote, ya kununuliwa au ya kufinyangwa, yafaa kwanza iulizwe swali ambalo somo linataka kulijibu. Ikishindwa kulijibu, irekebishwe pamoja na wanafunzi, maana katika kurekebisha ndimo wanamojifunza.