Kwa Nini Nataka Kusoma Ng'ambo

Mimi ni mwana wa mkulima wa chai hapa Sotik. Tangu nilipotangaza nia yangu ya kwenda kusoma Japani, nchi ambayo sijui lugha yake wala desturi zake, wazee huniuliza, "Mwanangu, shule za hapa zimekupungukia nini?" Hazikunipungukia kitu. Sababu yangu ni hii.

Chai ya Shizuoka na chai yetu hutoka katika mmea wa aina moja. Sisi hulisaga jani na kuliacha lipate hewa mpaka liwe jekundu. Wao hulipika upesi kwa mvuke, likabaki kijani. Nilidhani njia yetu ndiyo chai yenyewe, kumbe ni desturi tu. Basi ni mambo mangapi mengine niyadhaniayo kuwa hayana njia ya pili? Hayo siwezi kuyaona nikiwa kwetu, ambako sote twafanya mamoja.

Baba anachelea nisije nikapotea. Hofu yake si ya bure, kwani wako waliokwenda wasirudi, nami ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Nilimkumbusha habari za Dkt. Taaitta Toweett, mtu wa Wakipsigis: alikwenda kusoma Uingereza katika miaka ya 1950, na mwaka 1979 akatoa kitabu juu ya lugha ya Wakalenjin. Ugeni haukumsahaulisha kwao.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nenda. Lakini michai haingoji. Kila wiki moja au mbili yataka kuchumwa. Nani atachuma?"

Swali hilo sijalijibu bado.